Sura ya Sita: Je, Bahari ya Lamu Ina Mafuta?

Swali hili huulizwa kwenye mabaraza ya Amu, huulizwa Faza na Kizingitini wavuvi wakishusha samaki, na huulizwa Mombasa kila bei ya petroli inapopanda: ikiwa Mtwara wamepata gesi, na Msumbiji wamepata gesi ya kupindukia, mbona sisi wa pwani ya Kenya hatujapata kitu? Bahari si ni hiyo hiyo?

Anayeuliza hivi anastahili jibu kamili, lakini mara nyingi hupewa jibu la nusu. Wakati wa kampeni huambiwa kwamba utajiri uko tele, kilichobaki ni kuuchota. Kampeni zikipita, huambiwa kwamba kampuni zilikuja, zikachimba, zikakuta pakavu, basi. Majibu yote mawili yanamnyima habari iliyo kubwa kuliko zote: mwaka 2014 kisima kimoja katika bahari ya Kenya kiliyakuta mafuta. Yalikuwa machache na hayakufaa kwa biashara, lakini yalikuwa mafuta halisi, ndani ya mwamba, chini ya bahari yetu. Kwa hiyo swali la kama yapo au hayapo limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni gumu zaidi: yamejikusanya wapi kwa wingi wa kutosha, na nani atakubali kulipia kuyatafuta?

Bonde lililofukiwa

Wataalamu wa miamba wanaposema "bonde la Lamu" hawana maana ya bonde unaloweza kulishuka kwa miguu. Wanazungumzia eneo ambalo ardhi ilididimia polepole kwa mamilioni ya miaka, huku mito na bahari vikilijaza mchanga, tope na mabaki ya viumbe. Vitu hivyo kwa jina moja huitwa mashapo. Mashapo yakifukiwa na mengine juu yake, uzito na joto huyakandamiza mpaka yakageuka mwamba. Eneo la namna hiyo ndilo bonde la mashapo, na karibu mafuta yote ya petroli duniani hutoka katika mabonde ya aina hii.

Bonde la Lamu linaanzia nchi kavu, mbali kabisa na ufuo, upande wa Garissa. Linapita chini ya delta ya Mto Tana na visiwa vya Lamu, kisha linaingia baharini na kuendelea hadi kwenye vilindi vya maelfu ya mita. Mahali lilipo nene zaidi, mashapo yake yanazidi kilomita 10 kwenda chini. Mlima Kenya una mita 5,199. Unene huo unakaribia milima miwili ya kimo hicho.

Sehemu kubwa ya mashapo ya juu ililetwa na Tana na mito iliyoutangulia, ikikwangua nyanda za juu za bara zilipokuwa zikiinuka. Kazi hiyo haijakoma. Masika yakikolea bara, maji ya Kipini na ghuba ya Ungwana hugeuka rangi ya udongo, na udongo huo unakwenda kutua juu ya udongo wa jana.

Madagaska ilipokuwa jirani

Miaka milioni 300 iliyopita hapa hapakuwa na bahari. Afrika, Madagaska, Bara Hindi, Australia, Amerika ya Kusini na Antaktika zilikuwa bara moja ambalo wanasayansi huliita Gondwana. Bara hilo lilianza kupasuka. Kwanza zilitokea nyufa pana za nchi kavu, zikajaa mito na maziwa, na mashapo ya zama hizo huitwa Karoo. Kisha, kiasi cha miaka milioni 170 iliyopita, ufa ulifunguka na maji ya chumvi yakaingia. Madagaska, iliyokuwa imeshikana na pwani ya Kenya na Somalia, ikaanza kusogea kusini. Ilisimama karibu na mahali ilipo leo kiasi cha miaka milioni 120 iliyopita.

Mtu anayetaka kuiona historia hii kwa macho hahitaji meli. Apande gari Mombasa kuelekea Voi. Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale, na Fort Jesus imesimama juu ya mwamba huo. Akipita Changamwe na kufika Miritini, yuko juu ya tope la bahari lililogeuka mwamba, la enzi ya Jurasiki, wakati Madagaska inang'oka. Mazeras atakuta jiwe la mchanga ulioachwa na mito kabla bahari haijaingia. Mariakani kuna mchanga wa zamani zaidi, Maji ya Chumvi kuna tope na mchanga laini wa Karoo, na Taru kuna miamba iliyo mizee kuliko yote hiyo. Ni safari isiyofika kilomita 100, na ndani yake amevuka karibu miaka milioni 300. Miamba hii inainamia baharini. Ile unayoikanyaga Mazeras, wenzake wamelala chini ya bahari wakiwa wamefukiwa kwa kilomita kadhaa.

Kwa mtafuta mafuta, wakati wa kuvutia zaidi ni ule bahari ilipokuwa changa na nyembamba. Maji ya bahari ya namna hiyo hayazunguki vizuri, na sakafu yake hukosa oksijeni. Mimea midogo na wadudu wa majini wakifa huzama hadi chini, na kwa kuwa hakuna hewa ya kuwaozesha, hubaki ndani ya tope wakiwa na mafuta yao ya mwilini. Tope jeusi la aina hiyo ndilo chanzo cha petroli.

Kuna ushahidi wa majirani pia. Upande wa pili wa ufa, magharibi mwa Madagaska, mafuta mazito ya Bemolanga na Tsimiroro yako karibu kabisa na uso wa ardhi. Kusini yetu, kisiwani Pemba, mafuta huvuja yenyewe huko Tundaua, na wenyeji wanalijua hilo tangu zamani. Pande zote mbili za bahari hii zina dalili, kwa hiyo lingekuwa jambo la ajabu kama katikati yake kusingekuwa na kitu.

Masharti matano

Watu wengi hufikiri mafuta yamekaa chini ya ardhi mfano wa ziwa, ukitoboa yanaruka. Sivyo yalivyo. Ili yapatikane kwa wingi, mambo matano lazima yakutane mahali pamoja:

- Mwamba mama: lile tope jeusi lenye mabaki ya viumbe.
- Joto la kadiri, la kuyageuza mabaki hayo kuwa mafuta au gesi.
- Mwamba hifadhi: mwamba wenye vitundu vidogo ambamo mafuta yanaweza kukaa na kupita.
- Mwamba kifuniko: tabaka lisilopitisha kitu, la kuyazuia yasipande hadi juu yakapotea.
- Mtego: umbo la miamba, kwa mfano tabaka lililopinda na kuinuka katikati, linaloyakusanya yasitawanyike.

Sharti la pili linahitaji maelezo zaidi, na wataalamu wenyewe huliita eneo lenye mwamba mama uliopata moto "jiko". Chungu kikiwa na moto mdogo, chini ya nyuzijoto 60 hivi, mabaki hubaki mabichi. Kati ya 60 na 120 hutoka mafuta. Moto ukizidi, mafuta yenyewe hukatika na kuwa gesi, na ukizidi sana hubaki masizi. Hata wakati wa kuiva una maana kubwa. Pilau ikipakuliwa kabla sinia halijaletwa, itamwagika chini. Mafuta yakiiva na kuanza kupanda kabla mtego haujajijenga, yatapita na kwenda zake.

Ardhini joto huongezeka kwa kiasi cha nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita moja kwenda chini. Kwa hesabu hiyo mafuta huivia kwenye kina cha kilomita 2 hadi 4 hivi. Lakini hesabu huanza kwenye sakafu ya bahari. Mita 2,000 za maji hazipashi mwamba moto hata kidogo, maji ya vilindini ni baridi mno. Kwa sababu hiyo sehemu mbili za bonde moja zinaweza kuwa na mwamba mama wa aina moja, huku mmoja umeiva na mwingine bado.

Kwa ufupi: mwamba mama mzuri peke yake hautoshi, na mtego mzuri peke yake hautoshi. Sharti moja likikosekana kati ya matano, kisima hutoka kikavu.

Jiwe la matumbawe na kisima cha Sunbird

Nyumba za kale za mji wa Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Chukua kipande kilichovunjika kutoka ukuta mkongwe, kitazame kwenye mwanga wa jua. Utaona vitundu, vingine vya kuingiza ncha ya sindano, vingine vikubwa vya kuingiza punje ya mtama. Ndimo walimoishi wadudu wa matumbawe. Mimina kikombe cha maji juu yake, na maji yatanyonywa ndani mara moja. Mwamba hifadhi ni jiwe la aina hii hii, lenye uwezo huo huo wa kunywa.

Kati ya miaka milioni 23 na milioni 5 iliyopita, katika enzi iitwayo Miosini, matumbawe yalijenga vilima kwenye bahari ya kusini mwa pwani ya Kenya. Sakafu ya bahari ilipodidimia, nayo yakajenga kwenda juu yakiufuata mwanga, kizazi juu ya kizazi, mpaka yakashindwa na mwendo wa kuzama. Tope likayafunika. Kukawa na kilima cha jiwe lenye vitundu kilichovikwa tope lisilopitisha kitu: mwamba hifadhi, mtego na kifuniko, vyote mahali pamoja.

Mwanzoni mwa 2014 kampuni ya BG ya Uingereza na washirika wake walikichoronga kimoja cha vilima hivyo katika kitalu L10A, mahali penye zaidi ya mita 700 za maji. Kitalu ni kipande cha eneo kinachokatwa na serikali na kupewa kampuni kwa mkataba. Kisima kiliitwa Sunbird-1.

Inafaa tuone jinsi mafuta yanavyotambuliwa kwenye meli ya uchorongaji, kwa sababu wengi hungojea kuona mafuta yakiruka angani, na siku hizi jambo hilo likitokea ni ajali. Keekee inayosaga mwamba hulainishwa kwa tope maalumu linalozungushwa ndani ya bomba, likashuka na kurudi juu na vipande vya mwamba. Mtaalamu huvikinga vipande hivyo kwenye chekeche, akaviosha, akavitazama kwa hadubini. Kisha huviweka ndani ya sanduku lenye giza na kuwasha taa ya miale ya urujuanimno. Mwamba mkavu hukaa kimya. Mwamba wenye mafuta hung'aa, manjano au nyeupe yenye buluu. Akidondosha tone la kiyeyushi juu ya kipande, huona ule mng'ao ukitiririka kutoka kwenye jiwe. Kipande chenyewe si kikubwa kuliko ukucha. Baadaye hushushwa vipimo kwa waya hadi chini ya kisima ili kuupima mwamba kwa umeme: maji ya chumvi hupitisha umeme, mafuta na gesi huuzuia. Kwa kipimo hicho, pamoja na vingine vinavyoshushwa nacho, huonekana gesi imeishia wapi, mafuta yameanzia wapi, na maji yameanza kwenye mita ya ngapi.

Sunbird-1 ilionyesha gesi ya unene wa karibu mita 30, na chini yake mafuta ya unene wa mita 14. Chini ya hapo ni maji. Kwa mara ya kwanza safu ya mafuta ilikuwa imepatikana katika bahari ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako mpaka wakati huo kila ugunduzi wa baharini ulikuwa wa gesi. Kiasi hakikutosha kulipia mitambo ya kuzalisha. Hata hivyo mimi naiona Sunbird kuwa ndiyo habari kubwa zaidi ya kijiolojia iliyowahi kutoka bahari ya Kenya, na naona uchungu kwamba ilipita kwenye magazeti kwa siku chache tu kisha ikasahauliwa. Mafuta hayawezi kuwamo ndani ya kilima kile bila kuwapo jiko mahali karibu. Na jiko lililojaza kilima kimoja kwa uchache huenda limejaza kingine kwa wingi.

Visima vyenyewe

Utafutaji katika bonde hili ulianza mwaka 1954, BP na Shell walipopewa eneo wakati wa ukoloni. Walianza nchi kavu na karibu na ufuo. Walu ilichorongwa mwaka 1960, Dodori mwaka 1964, na Pate na Kipini zikafuata mwaka 1971. Dodori ilitoa dalili za gesi. Pate, kisiwani kwenyewe, ilikutana na gesi yenye msukumo mkubwa kwenye kina kinachozidi mita 4,000. Hakuna iliyofikia biashara.

Baharini visima ni vichache kiasi kwamba unaweza kuvihesabu kwa vidole. Simba mwaka 1978, Maridadi mwaka 1982, Kofia mwaka 1985. Kisha miaka ishirini ya kimya. Mwishoni mwa 2006 Woodside ya Australia ilichoronga Pomboo penye zaidi ya mita 2,000 za maji, kwa kutumia Chikyu, meli ya Japani iliyojengwa kwa ajili ya utafiti wa sayansi. Ikatoka kavu. Mwaka 2012 Apache ilichoronga Mbawa katika kitalu L8 na kukuta takriban mita 52 za mchanga wenye gesi, wa enzi ya Kretasia, yaani zama za mwisho za madinosauri. Huo ulikuwa ugunduzi wa kwanza katika bahari ya Kenya, ingawa haukufaa kwa biashara. Mwaka 2013 Anadarko ilichoronga Kubwa, iliyotoa dalili za mafuta, na Kiboko, ambayo haikutoa kitu cha maana. Ikaja Sunbird. Halafu kimya tena, mpaka Eni ya Italia na washirika wake walipochoronga Mlima katika kitalu L11B, kazi iliyoishia mwaka 2022 bila mafanikio.

Pwani ya Kenya ina zaidi ya kilomita 500, na bahari yake inakwenda mamia ya kilomita mbele. Visima vya kuhesabika kwa vidole katika eneo la ukubwa huo, vilivyotawanyika kwa zaidi ya miaka 40, haviwezi kutoa hukumu. Kwa kawaida katika bonde geni hufanikiwa kisima kimoja kati ya vitano au hata kati ya kumi.

Kisima kikavu husema nini

Neno "kikavu" limewapotosha watu. Kisima kikavu hakina ukavu wowote, kimejaa maji ya chumvi. Maana yake ni kwamba hakikutoa mafuta ya kuuzika. Lakini hurudi na maelfu ya mita za habari: umri wa kila tabaka, joto lake, vitundu vyake, na chembe za gesi zilizonaswa njiani.

Kutoka hapo mtaalamu huuliza: sharti lipi kati ya yale matano lilikosekana? Ikiwa mwamba hifadhi ulikuwa mzuri na mtego upo, lakini hakuna hata harufu ya mafuta, tatizo liko kwenye jiko au kwenye njia ya kutoka jikoni. Ikiwa kuna dalili hafifu ndani ya mwamba mzuri, kama ilivyokuwa Kubwa, huenda mafuta yalipita hapo na kuvuja kwa kukosa kifuniko. Majibu haya hayafanani, na kila moja humwelekeza mtafutaji njia tofauti.

Tena tukumbuke vifaa vya wakati ule. Simba, Maridadi na Kofia zilipangwa kwa picha za zamani za mitetemo. Utafiti wa mitetemo hufanywa na meli inayotoa mishindo ya hewa majini. Sauti hushuka, hugonga matabaka, hurudi, na hunaswa na vinasa sauti vilivyofungwa kwenye nyaya ndefu za kilomita kadhaa nyuma ya meli. Zamani nyaya zilipita kwenye mistari iliyoachana sana, na kati ya mstari mmoja na mwingine ilibidi kukisia. Leo eneo hukaguliwa lote na kupatikana picha ya pande tatu, ambayo huonyesha hata mkondo wa mto uliozikwa miaka milioni 50 iliyopita.

Mbona Rovuma wakapata?

Sasa turudi kwa wenzetu. Mto Ruvuma, ambao upande wa Msumbiji huandikwa Rovuma, ulimwaga mchanga safi mpaka vilindini kwa mamilioni ya miaka. Mchanga huo ulitua katika mifereji mipana ya sakafu ya bahari, ukafunikwa kwa tope, na chini yake kulikuwa na jiko lenye moto mkali. Ndiyo maana walipata gesi. Kisima cha Windjammer kilifungua mlango mwaka 2010, Mamba kikafuata mwaka 2011, na Novemba 2022 shehena ya kwanza ya gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika iliondoka kwenye mtambo unaoelea wa Coral Sul. Kwa Tanzania, gesi iliyogunduliwa hukadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57.54, nyingi ikiwa kwenye kina kirefu cha bahari.

Lamu ina mto wake na mchanga wake, lakini mpangilio wa matabaka haufanani. Rundo la mashapo la Tana ni zito sana, na sehemu ya kaskazini ya bonde imeteleza juu ya tope laini kuelekea vilindini, ikajikunja mikunjo mbele. Mikunjo hiyo ni mitego mizuri kwa umbo. Ugumu ni kujua mchanga mzuri ulifika huko au ulibaki karibu na ufuo, na kama mikunjo ilijengeka kabla ya mafuta kupanda.

Jambo moja la Tanzania linafaa kukumbukwa na wenye haraka. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ilianza kuzalisha umeme wa Dar es Salaam mwaka 2004.

Mahali pa kutafuta

Nikiulizwa wapi kuna matumaini, nitataja kwanza vile vilima vya matumbawe vya kusini, kwa sababu kimoja kimekwisha kuonyesha mafuta. Vipo vingine katika mstari huo huo. Swali la kila kimoja ni ubora wa kifuniko chake: tope lililokifunika ni nene na zima, au lina nyufa?

Kisha kuna mchanga wa Kretasia kama ule wa Mbawa, uliolala juu ya vipande vya miamba vilivyoinama wakati bara linapasuka. Mbawa ilionyesha gesi humo. Mikunjo ya vilindini ya kaskazini inakuja ya tatu, ikiwa na mitego mikubwa zaidi na mashaka mengi zaidi. Chini ya yote hayo kuna chokaa ya Jurasiki, ndugu wa ile chokaa ya Kambe inayoonekana upande wa Kilifi. Visima vya baharini havijaifahamu vya kutosha, na mahali pengi imezikwa chini mno.

Takwimu zinazotangazwa

Msomaji atakutana na vichwa vya habari vinavyosema kitalu fulani kina mapipa bilioni kadhaa. Kabla ya kufurahi, aulize ni takwimu ya aina gani. Rasilimali tarajiwa ni makadirio ya kile ambacho mtego ungeweza kubeba ikiwa masharti yote matano yametimia, na hutolewa kabla hata ya kuchoronga. Kiasi kilichogunduliwa ni kile ambacho kisima kimekigusa, kiwe kinalipa au hakilipi. Akiba ni kile kinachoweza kuzalishwa kwa faida, kwa bei ya leo na mitambo ya leo. Bahari ya Kenya ina nyingi za aina ya kwanza, kidogo cha aina ya pili kutoka Mbawa na Sunbird, na ya tatu haina hata pipa moja. Mtangazaji akichanganya maneno haya matatu, ama hajui ama anauza kitu.

Nani atalipa, nani atafaidi

Kisima kimoja cha bahari kuu hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na mara nyingine hupita milioni 100. Serikali haiwezi kuhatarisha fedha hizo za umma, kwa hiyo huita kampuni na kusaini mkataba wa kugawana uzalishaji: kampuni hugharamia utafutaji, na ikipata hujirudishia gharama kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa. Hapo ndipo utaelewa kwa nini Sunbird haikufuatwa na kisima kingine kwa miaka mingi. Katikati ya 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa zaidi ya dola 100. Kufikia Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Kampuni zikafunga mikoba. BG yenyewe ilinunuliwa na Shell mwezi Februari mwaka huo. Miamba haikubadilika, ila hesabu za vitabuni zilibadilika.

Mpaka nao ulileta kusitasita. Kenya na Somalia zilivutana kuhusu pembe ya bahari yenye vitalu ambavyo zote mbili zilividai, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu tarehe 12 Oktoba 2021. Mahakama ilikataa mstari wa Kenya unaofuata latitudo na kuchora mwingine ulioupa kila upande sehemu, kubwa ikaenda Somalia. Kenya ilisema haiitambui hukumu hiyo. Mwekezaji anayetakiwa kutoa dola milioni 100 hapendi kusikia hivyo.

Kwa upande wa wananchi, Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inaipa serikali ya kaunti asilimia 20 ya fungu la serikali kuu, na jamii ya mahali asilimia 5. Kwa Turkana, ambako mafuta ya Ngamia yaligunduliwa nchi kavu mwaka 2012, ni rahisi kuonyesha jamii ya mahali ni ipi. Lakini kisima kilicho mbali baharini, ambako mvuvi wa Kiwayuu na mvuvi wa Shimoni wote huenda wakadai, jamii yake ni nani? Swali hili lijibiwe kabla ya ugunduzi, kwa maandishi. Likiachwa mpaka fedha zitokee, litajibiwa kwa ugomvi.

Na mvuvi ana dai jingine lililo karibu zaidi. Meli ya mitetemo hupenda bahari tulivu, na bahari tulivu ya kaskazi ndiyo anayoingoja mwenye jahazi na mwenye dau, baada ya miezi ya kusi. Nyaya za kilomita kadhaa zikiburutwa, vyombo vidogo na nyavu lazima viondoke njiani. Ratiba ya meli hizo hujulikana mapema. Hakuna sababu ya mvuvi wa Kizingitini kuipata habari akiwa tayari ametega nyavu, wala ya fidia ya siku alizozuiwa kuvua kujadiliwa baada ya meli kuondoka.